Joto la Giaboksi na Baridi ya Makambako

Kabla Seyyid Majid bin Said hajaanza kuijenga bandari yake katika miaka ya 1860 na kuipa jina la Dar es Salaam, mahali hapa paliitwa Mzizima, na wapo wanaolifasiri jina hilo kuwa ni mahali palipozizima, penye ubaridi na afya. Mgeni anayeshuka bandarini mwezi wa Februari huiona tafsiri hiyo kuwa muhali, lakini sisi wakazi wa Kigamboni, ng'ambo ya pili ya mlango wa bandari, tunaokijua kipupwe kinapoingia na kusi inapovuma alfajiri juu ya minazi ya Mjimwema, hatuoni ajabu, kwani tumewaona wavuvi wakirudi pwani wamejifunika mashuka hadi masikioni. Hata hivyo baridi ya pwani huishia katika ngozi ya mtu. Haiingii katika chuma. Usiku wa Julai zebaki hushuka hadi nyuzi 18 hivi, na kwa nyuzi hizo hakuna oili inayoganda wala gia inayokataa kuingia. Habari ninazotaka kuzieleza ni za watu wa pwani hii ambao riziki yao iliwapeleka kwenye baridi inayoingia katika chuma, wakajifunza huko namna ya kuilea oili ya giaboksi kama mlezi anavyomlea mtoto mwenye homa, wakashuka na maarifa hayo hadi Kigamboni. Na jinsi maarifa hayo yalivyokaribia kupotea mikononi mwetu kwa sababu ya kipande cha chuma na shaba kinachoenea ndani ya kikombe cha kahawa.

Zambia ilipopata uhuru wake tarehe 24 Oktoba 1964, mafuta yake yalipita kusini, kwa reli za Rhodesia, wala hapakuwa na njia nyingine ya kutumainiwa. Na mwaka mmoja tu baadaye, tarehe 11 Novemba 1965, Ian Smith na walowezi wenzake walipojitangazia uhuru wao wa dhuluma, mlango huo ukafungwa kabla Desemba haijaisha. Ndege za Uingereza zilibeba mapipa ya mafuta kutoka uwanja wa Dar es Salaam, ndege za Kanada na za Marekani zikabeba kutoka Kongo, lakini ndege ina kiasi chake, na mzigo mkubwa ukaiangukia barabara. Nayo barabara ilikuwa barabara kwa jina tu. Lami haikwenda mbali zaidi ya Morogoro. Kutoka hapo hadi Tunduma mpakani, kwa mamia ya kilomita, ilikuwa ni vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika, na Wazungu walioiendesha waliipa jina lenye maana ya safari ya jahanamu. Mwaka 1966 serikali za Tanzania na Zambia, pamoja na washirika wa Kiitalia, ziliunda kampuni ya uchukuzi iliyoitwa Zambia-Tanzania Road Services, malori ya Fiat na matela yake yakaanza kupishana njiani, mafuta yakipanda na shaba ikishuka.

Mwaka huohuo wa 1966 mtambo wa kusafisha mafuta wa TIPER, ulioundwa kwa ushirika wa Tanzania na Italia, ulianza kazi Kigamboni, katika ardhi iliyokuwa ya minazi na mikorosho. Na mwaka 1968 bomba la TAZAMA likamalizika, lenye urefu wa kilomita 1,710, likianzia hapahapa kwetu na kuishia Ndola. Mtu akitaka kujua ukali wa njia hiyo na azitazame stesheni zilizowekwa pampu za kuyasukuma mafuta upande wa Tanzania: Kigamboni, Morogoro, Elphons Pass, Iringa, Mbeya. Kila jina katika majina hayo ni ngazi moja kuelekea juu, na kila ngazi ina baridi yake. Kigamboni iko usawa wa bahari. Iringa iko juu ya mita 1,500. Makambako hupita mita 1,600, na Njombe, kwa anayekata kushoto, hukaribia mita 2,000. Katika miezi ya Juni na Julai alfajiri za huko hushuka chini ya nyuzi 10, na kwenye uwanda wa Kitulo sakitu hutanda majani yakawa meupe kama yaliyonyunyiziwa chumvi. Kwa hiyo dereva aliyefunga turubai hapa pwani shati likiwa limemganda mgongoni kwa jasho, aliamka siku ya pili au ya tatu katika nchi ambayo pumzi yake mwenyewe aliiona ikitoka kinywani kama moshi.

Miongoni mwa madereva hao alikuwamo jirani yangu wa Mjimwema, mzee ambaye sitamtaja jina kwa kuwa hakutaka kuandikwa, na ambaye mengi ninayoyaeleza hapa nimeyapata kwake, barazani, jioni nyingi. Yeye alianza utingo, akapanda kuwa dereva, akaiendesha njia ya Zambia tangu zama za mapipa hadi lami ilipofika.

Oili ya gia ya zama zile ilikuwa nzito, namba 90, na wengine waliipenda namba 140, kwa sababu fundi wa pwani, aliyeijaza giaboksi kwenye joto la nyuzi 30, alihofu kitu kimoja tu, nacho ni oili kulainika ikawa kama maji wakati lori limebeba mzigo mlimani Kitonga. Hakukosea katika hofu hiyo. Lakini oili ileile iliyokuwa na adabu Morogoro, ikilala usiku mmoja Mafinga au Makambako, huamka imekuwa kama uji wa ulezi uliolala chunguni: haitiririki, haipenyi, na meno ya gia yanapoanza kuzunguka hukata njia ndani yake na kuiacha pembeni, yakasagana makavu ilhali yamezungukwa na oili tele. Hii ndiyo dhara ambayo mtu wa pwani haijui kwa macho, maana akipima oili ataiona imejaa, na akiisikia gia inalia atadhani imekwisha.

Katika makopo ya siku hizi huandikwa namba kama 80W-90, na herufi hiyo ya katikati ni ya kwanza katika neno la Kiingereza lenye maana ya majira ya baridi kali. Namba inayoitangulia hueleza tabia ya oili katika baridi, na ile inayoifuata hueleza tabia yake ikiwa na joto la nyuzi 100. Nimewauliza mafundi wengi wa Temeke na Kigamboni maana ya herufi hiyo, na aghalabu jibu lao lilikuwa kwamba ni alama ya kiwandani. Siwalaumu. Nchi isiyo na majira ya baridi itaijuaje herufi ya baridi? Madereva wa Zambia hawakuisoma popote, kwa kuwa oili zao hazikuwa na herufi hiyo. Walijifunza kwa kiganja.

Mzee alinionyesha, siku moja, ndani ya lori lililokufa zamani na kubaki kuwa banda la kuku, kile alichokuwa akikifanya Makambako kabla ya jua. Hakuanza na ufunguo, bali na fimbo ya gia: aliisukuma huku na huku injini ikiwa imezimwa, macho ameyafumba, apate kuusikia uzito wake. Kisha alikanyaga klachi hadi chini ndipo akawasha, ili mota isibebeshwe injini pamoja na meno yaliyozama katika oili nzito, kwani betri nayo huwa imedhoofishwa na baridi ileile. Injini ikishatulia, gia ikiwa huru, aliuachia mguu wa klachi pole pole mno, akisikiliza. Hapo sauti ya injini hushuka, ikalalama, ikawa kama inayotaka kuzimika, maana sasa imepewa kazi ya kukoroga. Na kukoroga huko ndiko kunakoipatia oili joto lake. Jambo hili linataka kufahamika vizuri. Mguu ukibaki juu ya klachi, meno ya ndani husimama, na dereva aweza kuipasha injini yake nusu saa nzima, akajiona ni mtu wa tahadhari, ilhali giaboksi iko katika baridi ya usiku vilevile kama alivyoikuta. Mzee alikuwa akiungoja ule mlalamiko uishe wenyewe, na ulipokwisha aliijaribu fimbo tena, na ilipomwitikia ndipo alipomwita utingo aondoe mawe chini ya magurudumu. Kilomita za mwanzo alizikata kwa gia za chini, bila haraka, kwa kuwa difu haikorogwi lori likiwa limesimama, nayo ina oili yake na baridi yake.

Wapo waliokuwa wakisukuma karai la makaa ya moto chini ya sampo na chini ya giaboksi wakiwa bado wamejifunga mablanketi. Mzee alilichukia jambo hilo, na hata nilipomuuliza miaka hamsini baadaye sauti yake ilipanda. “Bwana mdogo,” aliniambia, “nyuma nimebeba mapipa ya petroli, halafu niwashe jiko chini yake? Heri nichelewe siku moja Tunduma.”

Wala asidhani mtu kwamba baridi ya milimani ilikuwa ni adui mmoja aliyekaa upande mmoja. Safari hiyohiyo ilikuwa na Kitonga, pale barabara inapoliacha bonde la Ruaha na kuukwea ukingo kwa kona zinazofungana, na lori lililobeba shehena hupanda kwa gia ya kwanza na ya pili kwa muda ambao abiria huuona hauna mwisho. Hapo oili huchemka, hewa ya nje iwe baridi au isiwe. Dereva wa njia hii alilazimika kuwa na akili mbili katika safari moja: leo kuiogopa oili kwa moto wake, kesho alfajiri kuiogopa kwa baridi yake, na oili aliyokuwa nayo ilikuwa ni hiyo moja. Ndiyo maana nasema ufundi wao ulikuwa ufundi wa kweli, ingawa hawakupewa cheti na mtu yeyote.

Zama hizo zilipita. Barabara ya lami iliyojengwa kwa msaada wa Marekani ilifika mwanzoni mwa miaka ya 1970, na reli ya TAZARA, iliyojengwa na Wachina, ikakabidhiwa rasmi mwaka 1976. Mzee alirudi Kigamboni akafungua gereji chini ya mwembe. Halafu ikaja miaka ya dhiki, baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, miaka ambayo fedha za kigeni zilikuwa adimu na spea zikawa adimu zaidi, na fundi hodari akawa ni yule awezaye kuifanya gari iende bila kitu kilichokosekana. Naamini, na hili ni shauri langu mwenyewe, kwamba ndipo ilipozaliwa kwetu ada ya kuing'oa themostati, kile kipande cha chuma na shaba nilichokitaja mwanzoni.

Mwaka 1984 serikali iliruhusu watu wenye fedha zao nje kuleta bidhaa nchini, na tangu Rais Ali Hassan Mwinyi aliposhika madaraka mwaka uliofuata mlango uliendelea kufunguka, hadi katika miaka ya 1990 magari yaliyotumika Japani yakaanza kushuka bandarini kwa wingi ambao wazee wetu hawakuuota. Mengi yalikuwa otomatiki. Ndani ya giaboksi zake hamkuwa na oili nzito ya dhahabu iliyozoeleka, bali umajimaji mwekundu kama juisi ya rosela, ambao mafundi waliupa jina la haidroliki. Na umajimaji huo haukuwa wa kulainisha tu, bali ndio uliokuwa ukifanya kazi yenyewe, kuupokea mzunguko wa injini mahali pa klachi, kubana vipande vya ndani, kubadilisha gia, na kuchukua joto kulipeleka kwenye rejeta.

Ufundi huo ulikuwa na historia ndefu kwa wenyewe. Kampuni ya General Motors ya Marekani iliutangaza mwaka 1939, katika magari ya Oldsmobile ya mwaka wa 1940, kwa jina la Hydra-Matic, na mwaka 1949 ikaweka kipimo cha kwanza cha oili yake maalumu. Taabu ya waundaji ilikuwa kupata oili isiyoungua katika joto la nyuzi 80 au 90 ambalo giaboksi hulitaka kila siku, na ambayo haitazizima asubuhi ya theluji ikaacha gari limesimama mlangoni. Kwa miaka mingi dawa waliyoitia ili kuipa tabia hizo ilitokana na mafuta ya nyangumi wa namna ile yenye kichwa kikubwa. Msomaji wa pwani na asimame hapa kidogo, kwani nyangumi huyo ndiye yuleyule mwenye kutoa ambari, ambayo mababu zetu waliiokota ufukoni wakaiuza kwa wafanyabiashara wa Uarabuni na Bara Hindi karne nyingi kabla ya motokaa kuwaziwa. Mwaka 1970 Marekani ilimwingiza mnyama huyo katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka, na waundaji wakalazimika kutafuta badala yake maabarani.

Basi magari hayo yaliundwa na watu wanaoijua theluji. Mkononi mwa fundi wa Kigamboni ushahidi ulikuwapo: kijiti cha kupimia haidroliki kina alama mbili, moja ya oili ikiwa baridi na nyingine ya oili ikiwa na moto, kwa kuwa oili hutanuka, na anayejaza asubuhi mpaka alama ya moto huwa amezidisha. Bomba la haidroliki hupita ndani ya tangi la chini la rejeta, na watu wengi hudhani hupita hapo ili lipozwe tu; kumbe maji ya rejeta, yakiwa na joto lake la sawasawa, huizuia oili hiyo isipoe kupita kiasi katika nchi ya baridi, kama vile yanavyoizuia isichemke katika nchi ya joto. Maji ni msuluhishi baina ya injini na giaboksi. Na mwenye kuyashika maji hayo yawe na joto la sawasawa ni themostati.

Kabla ya daraja la Nyerere kufunguliwa mwezi wa Aprili 2016, mtu wa Kigamboni mwenye gari alikuwa na njia mbili za kwenda mjini: kuzunguka Kongowe, au kupanga foleni ya pantoni. Foleni hiyo ilikuwa ni maisha yetu. Maji yenyewe ni mafupi, mvuvi huyavuka kwa makasia, lakini kuyangoja kulichukua saa nzima na zaidi, jua la adhuhuri likipiga juu ya bati, gari likisogea hatua tano na kusimama, feni haitoshi, mshale wa joto ukipanda. Gari lililochemka foleni liliwafungia njia wote waliokuwa nyuma, na mwenyewe alipata aibu isiyosahaulika. Siku ya pili alikwenda kwa fundi, na fundi, kwa nia njema kabisa, alifungua boliti mbili, akachomoa themostati, akaitupa kwenye debe, akafunga tena. Tangu hapo maji yakazunguka wakati wote bila kizuizi, mshale ukakaa chini, mwenye gari akashukuru. Nimeona gereji ambazo kazi hiyo ilifanywa hata kwa gari lisilo na ugonjwa wowote, jipya limetoka bandarini juzi, kama mtoto anavyotahiriwa.

Mzee yeye hakuwa akitupa. Alikuwa na sufuria moja nyeusi ya kazi hiyo, na kila themostati iliyoletwa kwake aliifunga uzi, akaitumbukiza katika maji baridi, akaweka sufuria juu ya jiko la mkaa, akatuita vijana tutazame. Kitu chenyewe kina umbo la uyoga, sahani yake imezibwa katikati na kifuniko cha shaba kinachoshikiliwa na springi. Maji hupata uvuguvugu, hakuna linalotokea. Hutoa mvuke mwembamba, bado hakuna. Halafu, yanapokaribia nyuzi 82, kabla hayajatokota, kile kifuniko husogea, kikaacha ufa mwembamba kama ukucha, ufa ukapanuka pole pole hadi ukaingia kidole. Akaitoa kwa uzi akaiweka juu ya benchi, nayo ikajifunga yenyewe mbele ya macho yetu. Ndani yake mna nta. Hilo lilivumbuliwa katika miaka ya 1930 na Sergius Vernet, naye alitumia tabia ambayo kila mtu aliyewasha mshumaa huijua: nta ikipata joto huyeyuka na kutanuka, na katika kutanuka huko husukuma kijiti kinachofungua njia ya maji, ikipoa, springi hurudisha kifuniko mahali pake. Isiyofunguka ndiyo mbovu, na hiyo peke yake ndiyo aliyoitupa mzee, kisha akamtuma mwenyewe mjini, Gerezani, akanunue nyingine.

Nta, nasema, ni kitu cha ajabu katika habari za mafuta. Mafuta ghafi ya Hoima nchini Uganda yana nta nyingi kiasi kwamba hugeuka mgando katika joto la kawaida la nchi zetu, na bomba la kilomita 1,443 linalotoka huko kwenda Chongoleani, Tanga, limeundwa kuwa bomba lenye kupashwa moto njia nzima. Waliokuwa wakidhani kwamba mambo ya kuganda ni ya Ulaya peke yake na watazame hapo.

Mimi mwenyewe nilijifunza kwa gharama. Nilikuwa na gari dogo la Kijapani, otomatiki, nikalichukua kwa fundi mmoja wa Temeke baada ya kuchemka foleni, akaniondolea themostati, na kwa miaka mitatu sikuona baya lolote, kwa kuwa hewa ya pwani ni ya moto na maji hupata uvuguvugu wa kutosha hata bila mlinzi. Kisha msiba ukaniita Njombe, mwezi wa Julai. Nilipopita Mafinga jua likizama niligundua kwamba mshale wa joto umeshuka hadi mwisho, kama gari halijawashwa, na kwamba injini inazunguka kwa sauti ya juu kuliko desturi na gia ya mwisho haiingii. Nilikanyaga, nikaachia, haikuingia. Mafuta yakateketea kama yanayomwagwa. Nililala Makambako, na alfajiri nilipolitia gia ya kwenda mbele, gari lilikaa kimya, kisha likaruka kwa kishindo kilichonitisha, mara mbili, mara tatu. Nilidhani giaboksi imekufa. Fundi mmoja kijana wa pale stendi, asiyenijua, alifungua boneti, akagusa rejeta kwa kiganja, akaniuliza neno moja tu: “Mmetoka Dar?”

Niliporudi Kigamboni nilimwendea mzee, nikampa shikamoo, nikamweleza. Akanisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, maana alikuwa ni mtu mwenye staha, kisha akanieleza kwa utaratibu. Katika magari mengi ya namna ile, akasema, kompyuta huyatazama maji ya injini, na yakiwa hayajafika joto la nyuzi 50 au 60 hivi huizuia gia ya mwisho, na huizuia klachi ya ndani isifunge, kwa kusudi, ili injini ipate kupashika haraka. Nayo haina njia ya kujua kwamba maji hayo hayatapashika kamwe kwa kuwa mtu amemwondoa bawabu wake. Upepo wa Mafinga hupita katika rejeta, tangi la chini likawa baridi, na haidroliki inayopita ndani yake ikapoa badala ya kupata joto. Oili nzito huchelewa kujaza vyumba vyake, ndipo gari likakaa kimya kwanza na kuruka baadaye. Katika kila mruko huo, akasema, vipande vya ndani hulika, na atakayeulizwa mwakani giaboksi ikifa hatakuwa baridi ya Makambako, atakuwa ni kampuni iliyounda gari. Alisema maneno hayo kwa huzuni, kama mtu anayesikia rafiki yake akisingiziwa.

Leo mtambo wa TIPER hausafishi tena mafuta. Kazi hiyo ilikoma miaka mingi iliyopita, na matangi yakabaki kuwa ghala. Matangi mengine yameongezeka pembeni yake, barabara za Kigamboni zimejaa malori ya mafuta, na vijana wanaoyaendesha kwenda Tunduma na mbele zaidi wana giaboksi zinazojibadilisha zenyewe na kioo kinachowaandikia joto la oili kwa tarakimu. Nimepanda na mmoja wao hadi Iringa. Alikuwa mwangalifu, tena mwerevu, na alfajiri aliingoja tarakimu ipande kabla ya kuondoka. Lakini nilipomuuliza anangoja nini hasa, alisema ndivyo walivyoelekezwa. Natamani angeupata wasaa wa kukaa barazani kwa mzee.

Siku ile ya kurejesha themostati yangu mzee hakuniruhusu nimlipe fundi mwingine. Nilinunua mpya, akaichemsha kwanza katika sufuria yake nyeusi kwa kuwa hakuwahi kuamini kitu kilichofungwa katika boksi, ikafunguka, akaridhika. Akaifunga kwa mikono iliyokwisha kuanza kutetemeka, akajaza maji, akaniambia niwashe. Kisha akainama, akaushika mpira wa chini wa rejeta kwa kiganja kizima, ule unaotoka katika tangi ambamo haidroliki hupita, akabaki vivyo hivyo, macho ameyafumba, kama alivyokuwa akiishika fimbo ya gia. Dakika zikapita. Nikamuuliza vipi, akaniashiria ninyamaze. Mwadhini alikwisha kuadhini alasiri na watu walikuwa wakipita kwenda msikitini, naye bado ameinama. Hata mwisho akautoa mkono haraka, akaupuliza, akatabasamu. “Imefungua,” akasema, akaenda kutia udhu.